Dakika Nane Kabla ya Alasiri

1

"Mapengo haya yana miguu," Gwandu alisema. "Wiki iliyopita yalikuwa hapa. Leo yamesogea."

Alikuwa amekaa upande kwenye kiti chake, kikombe cha chai kimepoa mkononi, akiitazama skrini ya karakana yetu kama mtu anayemtazama kuku wa jirani akiingia bustanini kwake. Kwenye skrini kulikuwa na mistari sitini na mmoja ya kijani. Kila mstari ulikuwa siku moja ya mtu mmoja, tangu anapoamka mpaka anapolala, na ulitakiwa uwe mzima. Haikuwa hivyo. Kila mstari ulikatika mara tano, dakika tatu hapa, saba pale, tisa kule, kamwe hazizidi kumi.

"Ni chaja za jua," Gwandu akaendelea. "Jua linasogea, mapengo yanasogea. Andika hivyo kwenye ripoti twende tukale."

Niliandika *chaja za jua*, kisha nikafuta. Nikafungua kwenye simu yangu jedwali la nyakati za swala ambalo msikiti wetu hututumia kila mwezi, nikaiweka simu mezani karibu na mkono wake.

"Nini hiki?"

"Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Linganisha."

Alilinganisha. Akashusha kikombe.

"Wanaswali," alisema.

"Wanatawadha. Kabla ya kuswali."

"Na wewe umelijua hili tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Zamda! Siku mbili unaniacha nahangaika na jua?"

"Ulikuwa umeshalipenda sana lile wazo la jua, kaka."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Ndiyo maana nilipenda kufanya kazi na Gwandu. Mtu mwoga wa kusema kama mimi hupona haraka karibu na mtu anayecheka.

Nilichukua njugu moja ya majaribio kutoka kwenye droo. Jina lake rasmi ni refu na halitamkiki, kwa hiyo Kondoa nzima huiita njugu, kwa kuwa ina ukubwa wa njugu mawe. Hushikizwa kwenye mfupa nyuma ya sikio la mtu mwenye maradhi ya kusahau. Ina kifuniko kidogo chenye springi, na chini ya kifuniko kuna kadi ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mgonjwa akiona, akisikia, akisema, njugu hukusanya, na kadi huhifadhi. Kesho akitafuta kichwani jina la mjukuu aliyezaliwa jana, analikuta. Kadi ikitoka, anabaki na yale tu aliyokuwa nayo kabla ya maradhi.

Nilitia kadi, nikaisemea njugu maneno mawili matatu, nikaitoa kadi, nikairudisha. Maneno yangu hayakuwemo.

"Ona," nilimwambia Gwandu. "Kiendeshi cha kadi, yaani programu inayoiendesha, hakiandiki papo hapo. Kinajaza kwanza bakuli ndani ya njugu, na kila baada ya dakika kumi kinalimwaga bakuli kwenye kadi. Kikiandika kila sekunde, kadi itachakaa mapema. Hapo hawajakosea. Lakini kadi ikitolewa ghafla, kiini cha mfumo kinafikiri itakayorudi ni kadi ya mtu mwingine. Kwa hiyo kinalitupa lile bakuli, ili kumbukumbu za Asha zisiingie kwenye kadi ya Mariamu."

"Kuna kitufe cha kubonyeza kabla ya kutoa. Kijitabu kinasema ubonyeze, usubiri mlio."

"Kaka, mtu mwenye maradhi ya kusahau unamwambia akumbuke kitufe?"

Gwandu akakuna kidevu.

"Waliotengeneza walidhani kadi itatolewa mara moja kwa siku, usiku, mtu akilala," nilisema. "Hawakumfikiria mtu anayepaka maji masikioni mara tano kwa siku, na ambaye nesi wetu mwenyewe alimwonya kwamba maji yasiguse kadi."

Marekebisho yalinichukua siku nzima, ingawa mwishoni yalikuwa mstari mmoja tu. Chini ya kifuniko kuna swichi ndogo inayojua kifuniko kikifunguka. Katika faili la mipangilio ya kiendeshi, swichi hiyo ilikuwa imeandikiwa neno moja: *puuza*. Nililibadilisha kuwa *mwaga*. Tangu mtu afungue kifuniko mpaka kucha zake zishike kadi na kuivuta, zinapita kama sekunde mbili, na bakuli linahitaji sekunde moja na robo. Nilitoa na kurudisha kadi mara mia tatu. Halikupotea hata neno.

"Alhamisi saa sita mchana tunawarushia wote marekebisho hewani," Gwandu alisema. "Lakini nenda kwanza ukajaribu kwa mtu mmoja, nyumbani kwake, kwa maji ya kweli."

2

Nilimchagua Bi Mwasiti kwa sababu mapengo yake yalinishangaza. Wengine walipoteza dakika tatu leo na tisa kesho, bila mpango wowote. Yeye, kwenye swala nyingine nne, alikuwa kama wao. Alasiri alipoteza dakika nane. Nane kila siku, kwa miezi saba.

Nilifika kwao Jumanne saa tisa na nusu alasiri. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, mwembamba, amejitanda kanga ya rangi ya machungwa, na macho yake yalinipokea kabla sijabisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Wewe ndiye fundi? Nilidhani wataniletea mwanaume mwenye kitambi."

"Mwenye kitambi amebaki ofisini."

Alicheka, akanivutia kigoda. Mume wake, Mwalimu Mwidadi, alitoka jikoni na birika la maji. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na sita, na bado alitembea kama mtu anayepita katikati ya madawati.

"Umeolewa?" Bi Mwasiti aliniuliza.

"Bado, bibi."

"Mama Yasini, mwache mtoto wa watu afanye kazi yake," Mwalimu alisema.

"Namuuliza kwa niaba ya Yasini. Yule naye tusipomtafutia atazeekea Singida, anakula mikate mikavu."

Mwalimu alilishika birika kwa mikono miwili, akaliweka chini polepole. "Binti," aliniambia, "soketi ya kuchajia kishikwambi chako iko sebuleni. Ingia tu."

Niliingia. Kati ya sebule na ua palikuwa na pazia jepesi, na soketi ilikuwa karibu na mlango. Sikukusudia kusikiliza. Nilisikia kwanza ule mlio mdogo ambao njugu hutoa kila inapomwaga bakuli, tiki, kama kucha ikigonga meza. Kisha nikamsikia Mwalimu akivuta kigoda karibu.

"Mama Yasini," alisema. "Nina habari nzito."

"Sema."

"Yasini ametutoka."

Nilisubiri ukelele. Badala yake nilimsikia Bi Mwasiti akisema taratibu, "Innalillahi wa inna ilaihi rajiun." Halafu nikasikia mtu mzima wa kiume akilia, kilio cha kuzibwa na nguo. Kupitia ukingo wa pazia niliona kichwa chake cheupe kimelala kwenye magoti ya mke wake, na mkono wa mke wake ukipita juu yake, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

"Homa siku tatu tu," alikuwa akisema. "Siku tatu, Mama Yasini. Sikuwahi hata kumkuta akiwa hai."

"Shh. Lia, mume wangu. Lia."

Kisha Mwalimu aliitazama saa yake ya mkononi. Akajifuta. Akafungua kifuniko nyuma ya sikio la mke wake, akaitoa kadi, akaifunga kwenye leso. Uso wa Bi Mwasiti ulilegea na kuwa wa mtu mwingine, mchanga kidogo.

"Yasini amesharudi shule?" aliuliza.

"Bado," alisema Mwalimu, akimmiminia maji viganjani. "Osha uso."

Maji yakachukua machozi yake yote. Kadi iliporudi, Bi Mwasiti alipepesa macho, akatazama huku na huku, akaniita nitoke ndani nisije nikaivunja soketi yao.

Mwalimu alinisindikiza mpaka getini.

"Umesikia," alisema.

Niliinamisha kichwa.

"Siku ile simu ilipopigwa kutoka Singida, nilimwambia palepale. Alipiga kelele, akajigaragaza. Kisha ikaadhiniwa. Akasema atawadhe aswali. Nikatoa kadi, nikairudisha, akaniuliza mbona nina macho mekundu. Nikamwambia tena kesho yake. Vilevile. Sikuelewa, nikahesabu. Nikagundua ile tiki. Baada ya tiki nina dakika kumi, mbili nazitunza kwa ajili ya kutoa kadi. Nane zinabaki za kusema."

"Na msiba?"

"Nilimwambia nakwenda kuonwa macho hospitali. Nikaenda kuzika. Matanga tulikaa Kolo, kwa mdogo wangu. Majirani nimewaomba, wote wananyamaza." Alinitazama, na hapo hakuwa tena mwalimu wa mtu yeyote. "Binti yangu, miaka hamsini na moja sijawahi kuwa na huzuni nikakaa nayo peke yangu. Sijui hata inafanywaje. Na siwezi kumwachia mgonjwa wangu mzigo huu mchana na usiku. Hizo dakika nane analia pamoja nami, kisha anaamka mzima. Ninyi mnakuja kuziziba. Ziba za wengine. Za nyumba hii ziache."

Nilitaka kusema kwamba nitafikiria. Nikatikisa kichwa kukubali.

3

"Haiwezekani," Gwandu alisema asubuhi ya Jumatano.

"Ni kuruka jina moja tu kwenye orodha."

"Kuruka inawezekana. Lakini fomu inataka saini ya mwenye kichwa." Ndivyo tulivyomwita mgonjwa, hapo karakana, tangu siku ile mkwe wa mtu fulani alipokuja kuomba tumfutie mama mkwe ugomvi wa harusini. "Siyo saini ya mume wa mwenye kichwa."

"Nikimwomba saini itabidi nimweleze anachosaini."

"Ehe."

"Nikimweleza, nimeshamwambia kwamba mwanawe amekufa."

"Ehe." Gwandu alisogeza kiti. Hakuwa anacheka. "Unataka kujua mimi ningefanyaje? Ningemwachia mzee dakika zake. Mama yangu alipougua, wiki za mwisho, tulimdanganya kila siku kwamba mvua imenyesha na mahindi yako vizuri. Akafa anatabasamu. Sijutii."

"Mama yako hakukuuliza?"

Alikigeuza kikombe chake mezani.

"Aliuliza," alisema. "Mara moja."

Nilifungua faili la mipangilio. Neno lenyewe lilikuwa pale, *mwaga*, herufi tano. Ningeweza kulirudisha *puuza* kwa njugu moja, na Bi Mwasiti angeendelea kuniuliza kama nimeolewa, na Mwalimu angeendelea kulia kwenye magoti yake kila siku mpaka mmoja wao aondoke. Hakuna ambaye angelalamika. Hilo ndilo lililonisumbua. Wa kulalamika alikuwa yule mwanamke wa zile dakika nane, ambaye huambiwa, hutuliza, hutupwa, na kesho huanza upya. Hakuwa na mtu wa kumsemea isipokuwa mimi, na mimi hata kwenye foleni ya benki siwezi kumwambia mtu kwamba ameniruka.

Nilichukua fomu na kishikwambi. Gwandu aliniuliza kama anisindikize. Nikasema hapana, kisha nikarudi kuchukua kalamu niliyosahau, kisha nikaenda kweli.

4

Mwalimu alikuwa amekwenda kuchukua dawa zake za presha. Bi Mwasiti alikuwa peke yake uani, anachambua choroko kwenye ungo.

"Karibu, fundi. Mashine yangu imeharibika tena?"

"Hapana, bibi." Nilikaa. Nikachukua choroko kiganjani nami nikaanza kuchambua, nipate pa kuweka macho. "Nimekuja kukuuliza. Kuna dakika fulani unazipoteza kila siku, kabla ya alasiri. Tunaweza kuzirudisha. Siyo zilizopita, hizo zimekwenda. Kuanzia leo. Lakini huenda humo ndani kuna kitu kizito. Nataka uniambie kama unazitaka."

Vidole vyake viliendelea na kazi. Jiwe, choroko, jiwe.

"Ni Yasini?" aliuliza.

Nilichambua choroko moja mara mbili.

"Mtoto asiyepiga simu miezi saba," alisema, "na baba yake hamlaumu. Zamani akikosa wiki moja, nyumba hii haikaliki, atamwita majina yote. Sasa miezi saba, anasema tu, *ana kazi nyingi*." Alitupa jiwe. "Jana nilipokutania kuhusu yeye, uliona alivyolishika lile birika?"

"Niliona."

"Namtajia kila siku. Namfungulia mlango aseme. Hasemi. Nikajua anadhani ananificha, na kunifichia kunampa kazi ya kufanya. Nikamwachia."

"Anasema, bibi."

Vidole vikasimama.

"Anakwambia. Kila siku, kabla ya kutawadha. Akishakwambia anatoa kadi."

Nilitamani ardhi inimeze. Niliogopa kwamba nimemvunja kwa maneno machache, kwamba atajigaragaza kama siku ile ya kwanza na mimi ndiye nitakayekuwa nimefanya hivyo. Aliweka ungo chini. Machozi yalimtoka bila sauti, na kwa muda hakuyafuta. Nilikuwa nimeanza kulia pia, na aibu ikanishika, kwa kuwa aliyekufa hakuwa mwanangu.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

"Nilikuwa najiuliza. Baada ya alasiri kifua kinaniuma kama mtu aliyetoka kulia, na mzee wangu anakuwa mwepesi, anaweza hata kula. Nikadhani ni swala." Alishika kifua chake. "Na mimi ninamjibu nini?"

"Bibi?"

"Akiniambia. Ninamjibu nini?"

"Unasema innalillahi. Kisha unamlaza magotini. Unampapasa kichwa. Unamwambia alie."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia habari za mtu anayempenda.

"Vizuri," alisema. "Huyo mwanamke ana akili." Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini nimefiwa na mwanangu mara mia mbili, Zamda, na sikumbuki hata moja."

Tulikaa. Kuku wao wawili walikuja kuangalia kama kuna choroko iliyodondoka.

"Nikikuwekea," nilisema, "utaamka nayo kesho. Na keshokutwa. Haitaondoka na maji."

"Mwanangu, ya wazazi wangu ninaamka nayo kila siku, na hiyo njugu yako haihusiki." Alinyoosha mkono. "Lete hiyo fomu. Niweke wapi?"

Fomu ilikuwa ya kuomba jina lake lirukwe. Niliigeuza, nikamwambia haihitajiki. Aliniagiza niandike nyuma yake kwa mkono, neno kwa neno: *Mimi Mwasiti binti Mkola ninazitaka dakika zangu zote.* Akasaini kwa herufi kubwa za duara za mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, akafundishwa na mumewe.

Nilifungua kishikwambi, nikaunganisha na njugu yake. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kuchambua ungo mmoja. Nilirusha kiendeshi kipya, kiini kikajizima na kujiwasha, na kwa sekunde nne ilizokuwa imezimika alinishika mkono kwa nguvu. Kisha nikajaribu kifuniko kwa kucha. Tiki.

"Mwalimu nimemwahidi kwamba sitagusa," nilisema. "Nimevunja ahadi."

"Uliahidi kichwa kisicho chako wala chake. Usimwambie kitu. Mimi ndiye nitakayemwambia. Wewe njoo alasiri, ujifanye unaangalia mashine yako."

"Bibi, naomba nisije. Nitaharibu."

"Utakuja," alisema, "maana mimi naogopa."

5

Nilikuja. Mwalimu hakupenda kuniona, lakini alinikaribisha, na akanitazama kwa swali. Niliangalia chini.

Nilikaa sebuleni nyuma ya pazia. Tiki ikalia. Kigoda kikavutwa. "Mama Yasini," alianza, "nina habari nzito," na kila kitu kikaenda kama jana: jina, innalillahi, kichwa magotini, siku tatu tu. Niligundua safari hii jambo ambalo jana halikunifikia. Alisema maneno yaleyale. Miezi saba alikuwa hajawahi kupita pale. Dakika nane zilimtosha kutoa habari na kulia, kisha muda ukaisha, na kesho mke wake hakujua lolote, ikabidi aanze na *nina habari nzito*.

Aliangalia saa. Akajifuta. Akanyoosha mkono nyuma ya sikio lake na kufungua kifuniko.

Tiki.

Mkono wake uliganda. Mtu aliyeihesabu sauti ile miezi saba hakuhitaji kuelezwa. Aligeuza shingo kuelekea kwenye pazia, na nilijitokeza, kwa kuwa kujificha kungekuwa uovu wa pili.

"Umefanya nini?" aliniuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

"Toa kadi, Baba Yasini," Bi Mwasiti alisema. "Wakati wa swala unaingia. Toa, ninawie."

Aliitoa. Leso ikamdondoka, nikaiokota na kumshikia. Bi Mwasiti alinitazama kwa uso wake wa zamani, akaniuliza mimi ni binti wa nani, nikamwambia. Akauliza Yasini yuko wapi. Mwalimu alimimina maji tu, viganja, mdomo, pua, uso, mikono, na alipofika masikioni alipitisha vidole vyake mwenyewe, polepole, kama anayetaka maji yasiishe birikani. Akamalizia miguu. Kisha hakukuwa na la kufanya ila kuirudisha.

Kadi ikaingia. Kifuniko kikajifunga. Sekunde moja, mbili, tatu, nne.

Bi Mwasiti alifumbua macho. Alimtazama mume wake kwa muda, maji yakimtiririka kidevuni.

"Nani alimwosha?" aliuliza.

Mwalimu aliweka birika chini.

"Kaa, mume wangu. Umenieleza homa. Umenieleza siku tatu. Nani alimwosha mwanangu?"

Alikaa. Siyo kwenye kigoda, chini kabisa, kwenye sakafu yenye maji. "Wenzake," alisema. "Wale anaofanya nao kazi kwenye minara ya upepo. Na imamu wa pale mtaani kwake. Walinisubiri nifike, nami nikashika. Nilimwosha mguu wa kulia. Mikono ilinikataa, wakanipokea."

"Lile kovu la goti lipo?"

"Lipo."

"Sanda nani alinunua?"

"Mama mmoja anayewapikia. Hakutaka nimrudishie."

"Tutamtafuta huyo mama." Alimsogelea, akamshika mkono uliolowa. "Na kabla. Alikuwa anakula?"

"Alikataa kila kitu. Siku ya mwisho akaomba uji wa ulezi. Wakampikia. Akasema ni mzuri, lakini usio na sukari ndio mtamu zaidi."

Bi Mwasiti alimkazia macho.

"Yasini? Uji bila sukari?"

"Ndivyo walivyoniambia."

"Yasini huyuhuyu, aliyekuwa anaficha sukari kwenye soksi?"

"Kwenye soksi," Mwalimu alisema, "na siku ile sisimizi—"

"Wakajaa mpaka kwenye madaftari yako ya kusahihisha! Ukaenda nao darasani!"

Alianza kucheka, yule mzee, na kicheko kikamgeukia kilio katikati, na mke wake alikuwa anafanya vilevile, wameshikana mikono sakafuni, kila mmoja akijaribu kumweleza mwenzake habari ambayo wote wawili walikuwa wanaijua. Nilianza kukusanya nyaya zangu.

"Na wewe," Mwalimu aliniita bila kugeuka. Nilisimama. "Ulinidanganya getini."

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Jikoni kuna vikombe. Leta vitatu," kisha akamrudia mke wake, ambaye alikuwa ameshauliza swali lingine.